Nunua Pumzi, Usinunue Sura: Namna ya Kukagua Kodiani Iliyotumika

Kodiani inaweza kung'aa nje na ikawa imekufa ndani. Ganda lake la plastiki lenye rangi ya lulu likifutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni hurudia ujana wake kwa nusu saa, lakini ndimi zilizoshika kutu, nta iliyopasuka na mivukuto inayovuja havirudi kwa kufutwa. Mnunuzi anayetazama sura hurudi nyumbani na pambo la sebuleni wakati fedha za kikundi zimeshakwenda.

Makala haya yamhusu mtu wa Kilosa au Mikumi anayefikiria kununua ala hii ikiwa imeshatumika: mwalimu wa kwaya wa Kimamba, mpiga kinanda wa Kidodi, au kijana aliyeisikia kwenye taarabu akaipenda. Kodiani ina faida kubwa kwa mazingira yetu. Haihitaji umeme, spika wala betri. Inapigwa kigangoni, msibani, kwenye maandamano ya Jumapili ya Matawi, na umeme ukikatika katikati ya ibada wimbo hausimami. Ugumu wake ni matengenezo. Fundi wa pikipiki utampata kila kijiwe kuanzia stendi ya Mikumi hadi stesheni ya Kilosa, ila fundi wa kodiani utamfuata mbali, pengine Dar es Salaam, pengine Unguja. Kwa hiyo ubovu ambao mtu wa mjini angeuita mdogo, kwetu unaweza kuifungia ala kabatini miaka miwili.

Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: unachonunua ni pumzi. Kodiani inayoshika hewa na yenye ndimi nzima inafaa hata kama imechubuka. Inayovuja na yenye kutu haifai hata kama ni mpya machoni. Mengine yote yanafuata hapo.

Jua kwanza unatafuta ala ipi

Ala hizi za kuvuta na kubana zilianza Ulaya karne ya 19. Cyrill Demian alisajili kodiani yake mjini Vienna mwaka 1829. Konsetina, ile ndogo ya pembe sita inayoshikwa viganjani, ina asili mbili: Charles Wheatstone wa London na Carl Friedrich Uhlig wa Chemnitz, Ujerumani, aliyetoa ya kwake mwaka 1834. Konsetina ilipata makao makubwa Afrika Kusini, kwa Wazulu, Wasotho na Makaburu. Huku kwetu kodiani kubwa ndiyo iliyotamba: iliingia katika okestra za taarabu za Zanzibar, na kule Kenya ya kati Wakikuyu waliifanya kuwa roho ya ngoma ya mwomboko. Kwa hiyo ukisikia "kuna kinanda cha kuvuta kinauzwa", uwezekano mkubwa ni kodiani ya funguo kama za piano, lakini usishangae ukikuta konsetina iliyobaki kwenye nyumba ya mmisionari au iliyoshuka na mzigo wa mitumba.

Tofauti hizi ni za muhimu kwa mfuko wako. Konsetina ya aina ya Anglo ina vibonyezo 20 au 30, na kila kibonyezo hutoa noti moja ukivuta na nyingine ukibana. Imepangwa kwa funguo mbili kuu, mara nyingi C na G. Kama kwaya yako huimba nyimbo nyingi kwa do ya F au B bemoli, konsetina hiyo itawabana kila Jumapili. Konsetina ya Kiingereza yenye vibonyezo 48 hutoa noti ileile pande zote mbili na ina noti zote, ila mpangilio wake unahitaji kujifunza upya.

Kodiani ya funguo za piano inamfaa zaidi anayejua kinanda tayari. Ukubwa wake hutajwa kwa besi: 12, 48, 72, 96 au 120. Ile ya besi 120 huwa na funguo 41, ni nzito, na mpigaji mwembamba anayesimama ibada nzima ataichukia. Kwa kwaya ya kijijini, besi 48 au 72 hutosha kabisa. Kaa na wenzako kabla ya kutafuta, andikeni nyimbo mnazoimba zaidi na do ya kila wimbo, kisha ndipo mjue ala gani mnaitafuta. Anayekwenda sokoni bila kujua hilo hununua kile ambacho muuzaji anataka kukiondoa.

Kumbuka pia kwamba ukubwa ni wingi wa ndimi. Kila sauti ina ulimi mmoja wa kuvuta na mmoja wa kubana. Konsetina ya vibonyezo 30 ina ndimi 60. Kodiani ya funguo 41 yenye sauti tatu kwa kila ufunguo ina ndimi 246 upande wa kulia peke yake, kabla hujagusa besi. Kila ulimi ni kitu kinachoweza kushika kutu. Ala kubwa ya bei rahisi siyo lazima iwe nafuu.

Maswali ya simuni

Bidhaa nyingi za namna hii siku hizi huonekana kwanza kwenye simu, kwa picha. Picha haikuonyeshi pumzi. Mpigie mwenye nayo, msalimie vizuri, kisha uliza kwa utulivu: "Shikamoo mzee. Hiyo kodiani ilipigwa mara ya mwisho lini? Ilikuwa inakaa wapi? Imewahi kufunguliwa na fundi? Imewahi kulowa?" Jibu la swali la kwanza lina uzito kuliko mengine. Kodiani iliyokuwa ikipigwa mpaka mwezi uliopita kwa kawaida ni salama kuliko iliyolala kwenye sanduku tangu marehemu babu aache kupiga, hata kama ile ya sanduku inapendeza zaidi. Ala hii huozea kwenye kupumzika.

Omba akutumie video fupi, mivukuto ikivutwa wazi na noti zikipigwa moja moja, bila wimbo. Wimbo huficha mengi, kwa sababu mpigaji mzuri hukwepa noti mbovu bila hata kufikiri. Na hata video ikikuridhisha, usitume hela ya kushikilia mzigo. Kila mtu amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Matapeli wa ala za muziki ni ndugu wa hao hao. Hela itoke mkononi ukiwa umeshika kodiani.

Pima pumzi kabla ya kupiga noti hata moja

Fika mchana, mahali penye mwanga na utulivu. Usikubali kukagua saa moja jioni kwenye kibanda chenye redio. Fungua mikanda midogo inayofunga mivukuto, na kabla hujapiga chochote fanya majaribio haya matatu.

La kwanza: bila kubonyeza kitu, jaribu kuvuta taratibu, kisha kubana. Ala nzima hukataa. Utasikia ukinzani mikononi, kama ilivyo kwenye pampu ya baiskeli uliyoziba tundu lake kwa kidole. Ikifunguka kirahisi huku unasikia mfoko wa hewa, kuna mahali inavuja.

La pili: ishike kwa upande wa kulia, uiinue juu, upande wa besi uning'inie kwa uzito wake bila kubonyeza kitu. Weka mkono chini yake kwa tahadhari. Upande wa chini ushuke polepole sana. Ukifika mwisho wa mivukuto kabla hujamaliza kuhesabu taratibu hadi tano, hewa inatoka kwa wingi na mpigaji atachoka kabla ya beti ya pili. Konsetina ni nyepesi, kwa hiyo inapaswa kushuka polepole zaidi. Ikidondoka mara moja, jua kuna tatizo.

La tatu: tafuta mahali penyewe. Lowanisha shavu lako kwa maji kidogo, mwenzako abane mivukuto taratibu, nawe pitisha shavu kando ya mikunjo, kwenye pembe, na kwenye mzunguko ambapo mivukuto inaungana na mbao. Shavu lenye unyevu husikia hata hewa ndogo. Usitumie mshumaa wala kiberiti, maana mivukuto ni karatasi ngumu, kitambaa na gundi, nayo hushika moto.

Matokeo yake yana maana tofauti, na hapa ndipo mnunuzi mwenye ujuzi hupata punguzo la haki. Hewa ikitoka kwenye mzunguko wa maungio, mara nyingi ni ukanda wa ngozi au sponji uliochakaa, na huo hubadilishwa bila kazi kubwa. Ikitoka chini ya funguo, kuna pedi isiyokaa vizuri juu ya tundu lake, nayo hurekebishika. Ikitoka kwenye pembe za mikunjo katika sehemu mbili tatu, fundi mzuri wa ngozi anaweza kuziba kwa ngozi nyembamba na gundi sahihi. Lakini mikunjo ikiwa imepasuka katikati kwa urefu, imelegea kwa unyevu, au imebandikwa selotepu na plasta kila mahali, mivukuto hiyo inahitaji kuundwa upya. Kazi hiyo ni ya mabingwa wachache, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya ala. Aga kwa adabu uondoke.

Noti moja moja, pande zote mbili

Sasa piga. Anza na noti ya chini kabisa upande wa kulia. Ivute kwa upole, kwa pumzi ndogo kiasi kwamba sauti iko karibu kutotoka. Kisha ibane vivyo hivyo. Halafu irudie kwa nguvu. Nenda noti inayofuata. Usiruke hata moja, hata mwenyeji akianza kuangalia saa. Chukua karatasi, andika kila noti yenye kasoro na upande wake, kuvuta au kubana. Karatasi hiyo ndiyo itakayozungumza kwa niaba yako wakati wa bei.

Pumzi ndogo hufichua mengi ambayo nguvu hufunika. Ulimi mzima huamka mara unapopewa hewa kidogo. Ulimi unaochelewa, unaohitaji kusukumwa ndipo uitike, una uchafu, kutu au umekaa vibaya juu ya tundu lake. Sauti ya kukwaruza inaonyesha ulimi unagusa ukingo, pengine kwa chembe ya vumbi tu. Noti inayotoa kishindo kidogo mwanzoni, kama kitu kimegonga ubao, mara nyingi ina kingozi kilichojikunja. Ndani, ndimi nyingi zina kipande kidogo cha ngozi kinachozuia hewa isipotee upande usiotumika, na kingozi kikizeeka hujikunja kama jani kavu. Noti inayolia yenyewe bila kubonyezwa ni pedi iliyoinuka au ufunguo uliokwama.

Kasoro hizi nne, zikiwa chache, zisikukatishe tamaa. Zote hurekebishika. Kinachotisha ni noti iliyo kimya kabisa, maana huenda ulimi umekatika. Kingine ni kundi la noti za jirani zinazoyumba kwa pamoja. Hilo huashiria nta iliyoachia, na nta tutaizungumza punde.

Kwenye kodiani zenye swichi za sauti, rudia zoezi kwa kila swichi. Ni kazi ya kuchosha, lakini swichi inayofungua sauti zote kwa pamoja ina kelele ya kutosha kuficha ulimi mmoja uliokufa.

Upande wa besi, tafuta kwanza kitufe cha C, ambacho huwa na kishimo au alama ili kidole kikitambue bila macho. Bonyeza kila kitufe kwenda juu na chini kutoka hapo. Vitufe vilivyozama na kukwama ndani ni habari mbaya kuliko inavyoonekana. Nyuma yake kuna msitu wa fito nyembamba za chuma, na kufikia fito moja iliyopinda mara nyingi humaanisha kutoa safu baada ya safu. Kitufe kimoja kilichokwama ni jambo la kujadiliana bei. Vikiwa vingi, kodiani ilianguka siku moja, na kuanguka huko hakukuishia kwenye vitufe.

Pima sauti kwa simu, lakini elewa unachopima

Pakua mapema programu ya kupima sauti kwenye simu. Kipimo cha sasa cha A ni mitetemo 440 kwa sekunde, na kodiani za kisasa huwa hapo au juu kidogo. Konsetina za kale za Uingereza zinaweza kuwa kwenye kipimo cha zamani kilichofika karibu na 452, yaani kiasi kama cha nusu ya nusu sauti juu. Ikipigwa peke yake utaiona nzuri sana. Iweke pamoja na kinanda cha umeme au gitaa la kwaya, masikio ya waumini yataumia. Kubadilisha ndimi zote ni kazi kubwa. Kama utapiga peke yako, haidhuru. Kama ni kwa kikundi chenye ala nyingine, iache.

Usihukumu haraka mambo mawili. Moja ni mtetemo wa makusudi: kodiani nyingi zina ndimi mbili kwa noti moja zilizopishanishwa kidogo ili sauti iwe na mawimbi. Zima sauti zote kwa swichi ubaki na moja, ndipo upime. La pili linahusu ala zilizopitia mikono ya wanamuziki wa Kiarabu. Misri kuna utamaduni wa kurekebisha ndimi za kodiani ili zitoe robo sauti kwa ajili ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Ukikuta noti kama E au B ziko chini kiasi cha robo sauti sawasawa katika kila oktava, huenda si ubovu bali ni kazi ya fundi aliyejua anachofanya. Kwa mpiga taarabu hiyo ni hazina. Kwa kwaya inayoimba do-re-mi ni shida. Ubovu wa kweli hauna mpangilio: noti hii juu, ile chini, kuvuta tofauti na kubana.

Omba ruhusa ya kufungua

Muuzaji mwaminifu hatakataa kama ukimwomba vizuri na ukaonyesha kwamba unajua unachokifanya. Sema: "Kaka, naomba tuifungue pamoja, wewe mwenyewe ushike." Mivukuto imeunganishwa na mbao kwa pini ndogo zilizopangwa kuzunguka. Zing'olewe taratibu kwa koleo lenye kitambaa na ziwekwe kwa mpangilio uleule zilivyotoka, maana pini ya tundu moja huenda isikae vizuri kwenye tundu jingine. Konsetina ina skrubu ndefu sita au zaidi kila upande. Legeza zote kidogo kidogo kwa zamu.

Ikifunguka, kabla ya kutazama, nusa. Harufu ya ukungu inasema unyevu. Harufu kali ya mkojo wa panya inasema zaidi, kwa sababu mkojo huo hula chuma na ngozi. Kisha geuza upande wa ndani ulielekee jua.

Utaona vipande vya mbao vilivyosimama kwa safu, na juu yake sahani ndogo za chuma, kila moja ikiwa na ndimi zake mbili. Ulimi mzima una rangi ya buluu iliyofifia au kijivu safi, na mwanga huteleza juu yake bila kukatika. Kutu huonekana kama madoa ya kahawia. Madoa machache yaliyo juu juu, fundi anaweza kuyasafisha na kuirudisha noti. Kutu iliyochimba vishimo, hasa kwenye shina la ulimi pale unapofungwa, imeshakula chuma chenyewe, na ulimi huo utakatika siku ya Krismasi. Angalia pia mikwaruzo ya msasa au tupa. Fundi hupandisha noti kwa kupunguza chuma kwenye ncha na huishusha kwa kupunguza kwenye shina. Mikwaruzo myembamba ya mpangilio ni kawaida. Mashimo na mikwaruzo ya hovyo ni alama ya mtu aliyejifunzia kwenye ala hiyo.

Tazama nta. Kodiani nyingi hushikiza sahani za ndimi kwa mchanganyiko wa nta ya nyuki na utomvu wa msonobari. Nta nzuri ni laini, haijapasuka, na imeshika ukingo wote. Nta ya zamani hugeuka ngumu na yenye nyufa. Ukigusa sahani kwa kidole nayo ikatikisika, noti zake zinavuja hewa pembeni. Kubadilisha nta yote kunawezekana, na nta ya nyuki safi hatuikosi Tanzania, ila ni kazi ya siku nyingi kwa mkono wa fundi, nawe uilipie. Konsetina bora za Kiingereza hazitumii nta: kila ulimi hukaa kwenye kiatu chake cha shaba kilichobanwa kwenye mbao. Hapo kagua mbao zenyewe, maana zikikauka na kusinyaa, viatu hulegea na noti huzima.

Mwisho, tazama wadudu. Mavi ya mende, unga wa mbao mpya chini ya tundu dogo, manyoya ya pedi yaliyoliwa na nondo. Unga mpya maana yake mdudu bado yumo, na utamkaribisha kwenye viti na meza zako.

Kwa sisi wa bonde la Mkondoa kuna kipimo cha ziada: maji. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliingia majumbani Kilosa na kuharibu reli. Hayakuwa ya mwisho kwenye bonde hili, na vitu vilivyolowa huanikwa vikauzwa baadaye. Tafuta mstari wa matope au doa la maji kwenye mbao za ndani kwa kimo kimoja, kitambaa kilichovimba, gundi iliyoachia, kutu iliyo upande wa chini zaidi kuliko juu. Kodiani iliyolowa maji ya mto usiichukue hata ukipewa kwa bei ya kuku.

Usidanganyike na madogo

Kuna kasoro ambazo huwatisha wanunuzi bure na ambazo zinaweza kukupa bei nzuri: mkanda wa bega uliokatika, kifuniko cha ufunguo kilichobanduka, mchubuko wa ganda, nembo iliyopotea, sanduku lisilofunga. Mikanda, mshona viatu au fundi wa mabegi atakutengenezea kwa ngozi. Taja kasoro hizo katika mazungumzo, lakini usizihesabu moyoni.

Jina kwenye kifua nalo lipewe uzito wake, lisizidishiwe. Hohner, kampuni iliyoanzishwa Trossingen, Ujerumani, mwaka 1857, na Weltmeister ya Klingenthal zimetengeneza ala nyingi imara, na jina linalofahamika hurahisisha kupata vipuri. Lakini kampuni hizo hizo zimetengeneza ala za kiwango cha juu na za wanafunzi. Parrot ya China iliyotunzwa vizuri itakuhudumia kuliko Hohner iliyolala miaka ishirini chini ya bati.

Bei na maandishi

Chukua karatasi yako ya kasoro. Zigawe mafungu matatu: zinazorekebishika na fundi wa kawaida wa hapa, zinazohitaji fundi wa kodiani, na zisizorekebishika. Fungu la tatu likiwa na kitu hata kimoja kikubwa, usinunue. Kwa fungu la pili, piga simu kwa fundi kabla ya kulipa, umsomee orodha, akukadirie. Watu wa kuwatafuta ni wa vikundi vya taarabu vya Unguja, ambao wameishi na ala hii kwa miongo mingi, pamoja na walimu wa vyuo vya muziki na sanaa kama DCMA cha Zanzibar na TaSUBa ya Bagamoyo, ambao wanaweza kukuelekeza kwa mtu anayeaminika. Makadirio ya fundi pamoja na nauli ya kumfikia ni sehemu ya bei. Kama kikundi kimechanga fedha, tengeni theluthi moja kwa matengenezo tangu mwanzo, na msiiguse wakati wa kununua.

Mkikubaliana, andikianeni hati ya mauziano. Itaje jina la ala, rangi, idadi ya besi, namba iliyopigwa ndani au nyuma kama ipo, bei, na majina ya mashahidi. Ikiwezekana ipigwe mhuri ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Siyo kumdharau muuzaji. Ala nyingi za kwaya huibwa makanisani, na hati hiyo inamlinda yeye na wewe pia.

Safari ya kurudi na miezi ya kwanza

Ala nzuri inaweza kuharibikia njiani. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, na hulegea mapema zaidi. Buti la basi lililosimama juani, au kiti cha nyuma cha gari lililofungwa vioo, hupata joto la kuilegeza hadi sahani za ndimi zidondoke. Ukija Mikumi kwa barabara kuu ya Zambia, ikae miguuni mwako au mapajani, kwani matuta ya ndani ya hifadhi nayo yataisumbua kama iko chini ya mizigo. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Kilosa ana bahati ya treni ya SGR, ambayo tangu 2024 inafika hadi Dodoma na ina stesheni Kilosa. Shuka na kodiani mkononi.

Nyumbani iache ipoe na kuzoea hewa kabla ya kuipiga kwa muda mrefu. Iliyotoka Unguja imezoea unyevu wa bahari, na kiangazi cha Kilosa kitaikausha mbao. Isimamishe juu ya miguu yake, mivukuto ikiwa imefungwa, ili vingozi vya ndani vining'inie vizuri, tena ndani ya sanduku lake na mbali na sakafu, dari la bati na dirisha. Weka humo vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe wakati wa masika. Usinyunyizie ndani mafuta ya aina yoyote, ya cherehani, ya taa wala ya kupikia. Mafuta hushika vumbi na kuua ngozi. Na ipigwe kila siku hata dakika kumi, kwa maana kupigwa ndiko kunakoitunza.

Mwisho nasema hili kwa mwenye dhamana ya fedha za wenzake: usiende kununua ukiwa umeshaahidi kurudi na kodiani. Waambie wanakwaya kwamba unakwenda kukagua. Mtu aliyeahidi hulegeza vipimo, na mtu asiyeweza kusema "hapana, asante" hana nguvu mbele ya dalali. Ukisema hapana mara mbili na ndiyo mara ya tatu, hujachelewa. Umelinda michango ya watu waliouza mahindi na kuku ili waimbe vizuri.